Tarehe ya Kujifungua: Ihesabu Mapema, Kisha Ilinde

Siku ya kwanza ya kliniki, pengine hata kabla hujapimwa presha, nesi atakuuliza: mara ya mwisho uliona siku zako lini? Wengi hujibu "mwezi wa tatu", au "mwezi wa tatu katikati hivi". Nesi ana foleni ndefu, benchi limejaa hadi nje ya mlango, basi anaandika tarehe 15 na kumwita anayefuata. Tarehe hiyo ya kubahatisha ndiyo itakayokaa kwenye kadi miezi yote iliyobaki. Kwayo itaamuliwa lini uanze kumeza dawa za kuzuia malaria, kama tumbo linakua ipasavyo, kama uchungu ulioanza ghafla unamleta mtoto njiti au mtoto aliyekomaa, na kama mimba imepitiliza kiasi cha kuanzishiwa uchungu.

Dada unayesoma haya ukiwa na mimba changa, au ukiwa bado unaipanga, nataka ulijue jambo moja. Tarehe ya kujifungua hujulikana vizuri zaidi mwanzoni mwa ujauzito, na kila mwezi unaopita huifanya iwe ngumu zaidi kuipata. Kwa hiyo kazi ni mbili: kuihesabu mapema kwa ushahidi bora ulionao, kisha kuilinda isibadilishwebadilishwe baadaye.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, yaani siku damu ilipoanza kutoka, si siku ilipokatika. Rudi nyuma miezi 3, ongeza siku 7, kisha sogeza mbele mwaka mmoja. Aliyeanza kuona siku zake tarehe 10 Machi 2026 anarudi hadi 10 Desemba 2025, anaongeza siku 7 anafika 17 Desemba, na mwaka unakuwa 2026. Kanuni hii hutajwa kwa jina la Franz Karl Naegele, daktari wa uzazi wa Heidelberg nchini Ujerumani aliyefariki mwaka 1851, ingawa yeye mwenyewe aliitoa kwa Herman Boerhaave, mwalimu wa udaktari wa Leiden aliyemtangulia kwa karne nzima.

Ukiingiza tarehe hiyo hiyo ya 10 Machi kwenye programu ya simu, utapewa 15 Desemba. Usidhani kuna aliyekosea. Programu inahesabu siku 280 moja kwa moja, ambazo ni wiki 40 kamili, ilhali kanuni ya miezi inapitia miezi ya siku 28, 30 na 31, hivyo inaweza kuzidi kwa siku chache. Tofauti ya siku mbili haina uzito wowote. Chagua moja, iandike, endelea na maisha.

Sasa nije kwenye jambo linalovuruga ndoa za watu bila sababu. Wiki za ujauzito huhesabiwa tangu hedhi, wakati ambapo mwanamke bado hana mimba. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, hiyo ni wiki mbili tangu damu ianze. Maana yake ni kwamba siku mimba inapotunga, hesabu ya kliniki imekwisha kufika wiki 2. Tuseme mume anafanya kazi machimboni Geita na amerudi nyumbani tarehe 22 Machi. Mkewe alianza hedhi tarehe 10. Tarehe 5 Mei wanakwenda kliniki pamoja, na kadi inaandikwa wiki 8. Mume anahesabu kwa vidole: tangu nirudi ni wiki 6 na siku mbili. Hizo nyingine zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye kanuni ya kuhesabu tu. Mimba ya wiki 8 kwenye kadi ni mtoto wa wiki 6 hivi tumboni, na mke wa mtu huyu hana kosa lolote. Baba, ukisoma kadi toa wiki mbili kabla hujanuna. Mama mkwe, wifi, na nyinyi toeni wiki mbili kabla hamjakaa kikao. Na wauguzi wetu, ambao najua kazi inawazidi, naomba sentensi hii moja isemwe kwa kila mume anayemsindikiza mkewe, kwa sababu kukaa kimya juu yake kunaweza kumfukuzisha mwanamke nyumbani kwake.

Wazee waliposema miezi tisa, nao hawakukosea. Tangu mimba kutunga hadi mtoto kuzaliwa ni siku 266 hivi, na mwezi wa mwandamo una siku 29 na nusu. Zidisha mara tisa, utakuta karibu siku 266 zile zile. Kliniki inaanza kuhesabu wiki mbili kabla, ndiyo maana inafika wiki 40, na ndiyo maana nakushauri uzungumze na mkunga kwa wiki, usizungumze kwa miezi. Ukimwambia "nina miezi mitano" hatajua kama umeimaliza au umeiingia, na katika ujauzito wiki nne ni nyingi sana.

Kwa walio pwani na visiwani, na popote penye Waislamu, ipo kumbukumbu nzuri ambayo mara nyingi haitumiki. Mwanamke aliyefunga Ramadhani anazijua siku alizokula kwa sababu ya hedhi, maana anadaiwa kuzilipa. Aliyeona siku zake karibu na Maulidi anajua ilikuwa Mfungo Sita, kabla au baada ya tarehe 12. Hizi ni kumbukumbu sahihi kuliko "katikati ya mwezi hivi". Ila usifanye ile hesabu ya kurudi miezi mitatu juu ya kalenda ya Kiislamu, kwa kuwa mwaka wake ni mfupi kwa siku 11 hivi na utapata jibu la mapema mno. Chukua kalenda ya ukutani yenye tarehe zote mbili, ihamishe siku ile kwenye kalenda ya kawaida, ndipo uhesabu. Wengine kumbukumbu yao ni Pasaka, mazishi ya ndugu, siku ya mshahara, siku shule zilipofungwa. Zote zinafaa. Kaa na jambo hilo nyumbani kabla ya kwenda kliniki, kwa sababu ukiwa mbele ya nesi mwenye haraka utasema tarehe yoyote ili umridhishe.

Kanuni ya siku 280 imejengwa juu ya mzunguko wa siku 28, na miili yetu haikuumbwa sawa. Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hutoka wiki moja baadaye, kwa hiyo aongeze siku 7 kwenye tarehe aliyopata: ile 17 Desemba iwe 24 Desemba. Mwenye mzunguko wa siku 24 apunguze siku 4. Mwambie nesi mzunguko wako ni wa siku ngapi hata kama hakuuliza. Kadi ina nafasi ya tarehe ya hedhi, lakini mara nyingi mzunguko hauulizwi, na mwanamke mwenye mzunguko mrefu huishia kuambiwa kwamba mimba yake imepitiliza wakati mtoto bado hajafika wakati wake.

Wapo ambao kwao hedhi haiwezi kutegemewa kabisa. Mama anayenyonyesha huweza kushika mimba kabla hajaona siku zake hata mara moja tangu kujifungua. Aliyekuwa akitumia sindano ya uzazi wa mpango huweza kukaa miezi mingi bila hedhi, au akaona damu ya matonetone isiyo na mpangilio. Aliyeacha vidonge juzijuzi mzunguko wake bado haujatulia. Na yupo yule ambaye aliona damu kidogo, nyepesi na ya siku moja au mbili, akaihesabu kuwa ni hedhi, kumbe mimba ilikuwa imekwisha kutunga. Kama damu ya mwisho haikufanana na kawaida yako, taja tarehe yake na tarehe ya ile iliyoitangulia, zote mbili. Hadithi za mimba ya miezi 11 au ya mwaka mzima nyingi chanzo chake ni hapa: mwanamke aliruka miezi kwa sababu nyingine, kisha akashika mimba, na watu wakahesabu tangu siku alipoacha kuona damu.

Kwa wote hawa, na kwa kila anayeweza, ipo altrasaundi, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu ndipo makosa mengi yanapofanyika. Altrasaundi haioni tarehe. Inapima ukubwa wa mtoto, kisha kompyuta inalinganisha kipimo hicho na watoto wengine na kusema "mwenye ukubwa huu kwa kawaida ana wiki kadhaa". Katika wiki za mwanzo ulinganisho huo ni mzuri sana, kwa sababu vijusi vyote hukua kwa mwendo unaokaribiana, awe mtoto wa mama mrefu au mfupi, mwenye nacho au asiye nacho. Mpimaji hupima urefu wa mtoto kuanzia utosini hadi makalioni, na kabla ya wiki 14 kosa lake ni kati ya siku 5 na 7 tu. Baada ya hapo kila mtoto huanza kufuata njia yake: maumbile ya wazazi, chakula, presha ya mama, malaria, kondo la nyuma lisilofanya kazi vizuri. Kufikia katikati ya ujauzito kosa linakuwa siku 7 hadi 10. Kuanzia wiki 28 linaweza kufika wiki 3, mbele au nyuma.

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2016 linapendekeza altrasaundi moja kabla ya wiki 24 za ujauzito. Mimi naongeza: ikiwezekana iwe kabla ya wiki 14. Wanawake wengi wenye fedha ya kipimo kimoja huitunza hadi mwezi wa saba au wa nane, wajue jinsia na mtoto amelalaje. Natambua hamu hiyo. Lakini kama fedha ni ya mara moja, itumie mwanzoni. Jinsia utaijua siku ya kujifungua, ila umri wa mimba usiojulikana mapema hautajulikana tena kwa uhakika.

Picha ya mwanzo ikitofautiana na hesabu ya hedhi, uamuzi ni huu. Kabla ya wiki 14, tofauti ikizidi wiki moja, fuata picha; ikiwa ndani ya wiki moja, baki na hedhi. Picha ya kati ya wiki 16 na 21 ifuatwe tofauti ikizidi siku 10. Tarehe ikishaamuliwa hivyo, ichorewe mstari kwenye kadi, na picha yoyote ya baadaye isiiguse.

Fikiria yule mama wa 10 Machi, ambaye tarehe yake ni 15 Desemba na picha ya mwanzo ilikubaliana nayo. Tarehe 10 Novemba, akiwa na wiki 35, anapiga picha nyingine. Karatasi inasema wiki 32, kujifungua 5 Januari. Anaambiwa tarehe imesogea, anarudi nyumbani akiwa na amani. Hajui kwamba karatasi ile ina maana mbili. Huenda mtoto wake ni mdogo tu wa maumbile. Huenda pia mtoto ameacha kukua vizuri, labda kwa presha au kwa kondo lililochoka, na anahitaji kuangaliwa haraka. Tarehe ikisogezwa, uwezekano huu wa pili unafutwa kwenye macho ya kila mtu. Mtoto aliye hatarini anageuzwa kwa kalamu kuwa mtoto mchanga zaidi mwenye afya. Ukikutwa na hali hii, uliza kwa upole lakini usiondoke bila jibu: "Daktari, tarehe yangu ilipatikana mapema. Je, mtoto anakua?" Na asiye na ushahidi wowote wa mwanzo, ambaye picha yake ya kwanza ni ya mwezi wa nane, aombe kupimwa tena baada ya wiki mbili au tatu waone kama mtoto ameongezeka.

Pasipo altrasaundi mkunga ana mikono yake, na mikono hiyo haidharauliki. Mfuko wa uzazi huanza kupapaswa juu ya kinena karibu wiki 12, hufika usawa wa kitovu karibu wiki 20, na hukaribia chembe ya moyo wiki 36 kabla ya kushuka tena. Akipima kwa utepe kati ya wiki 20 na 36, idadi ya sentimita hukaribiana na idadi ya wiki, zikizidi au kupungua mbili. Pacha, uvimbe kwenye kizazi, maji mengi au mtoto aliyelala kwa kukingama huvuruga kipimo hicho. Siku ya kwanza kusikia mtoto akicheza nayo iandike: mwenye mimba ya kwanza huisikia kati ya wiki 18 na 20, aliyekwisha kuzaa huitambua wiki mbili hivi mapema. Ushahidi huu ni wa kuongezea. Peke yake hautoshi kuweka tarehe.

Tuseme sasa tarehe unayo. Uitumieje? Kwanza elewa kwamba takriban mtoto 1 kati ya 20 tu ndiye anayezaliwa siku ile ile iliyoandikwa. Mtoto akija kabla ya wiki 37 kutimia ni njiti. Wiki 39 na 40 ndizo bora, kwa sababu mapafu na ubongo huendelea kukomaa hadi mwishoni. Kwa hiyo kama umepangiwa upasuaji usio wa dharura, uliza kama utakuwa umetimiza wiki 39. Wiki 41 zikitimia na uchungu haujaanza, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuanzishiwa uchungu kwa mama ambaye umri wa mimba yake unajulikana kwa hakika. Zikipita 42 hatari inaongezeka: maji hupungua, kondo huchoka, mtoto huweza kunya tumboni. Unaona jinsi neno "kwa hakika" lilivyo zito. Asiye na tarehe ya kuaminika anaweza kuanzishiwa uchungu mapema mno au kuachwa mno, na daktari hatakuwa na namna ya kujua. Vivyo hivyo uchungu ukianza mapema: ipo sindano ya kusaidia mapafu ya mtoto kukomaa, inayotolewa pale mtoto anapotarajiwa kuzaliwa kati ya wiki 24 na 34, na mganga lazima ajue wiki hizo kwa uhakika ndipo aitoe.

Mwenye pacha asingoje wiki 40. Pacha mara nyingi huja kabla ya 37. Mwenye mimba ya kwanza aweke akilini kwamba anaweza kupita tarehe kwa siku kadhaa bila ubaya wowote, mradi anahudhuria kliniki na mtoto anacheza.

Ndugu na jamaa usiwape tarehe kamili. Waambie "katikati ya Desemba hadi Krismasi". Utajiokoa na simu za kila asubuhi za "bado tu?", ambazo humtia mjamzito wasiwasi mpaka akaanza kutafuta dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu. Dawa hizo zimeua akina mama na watoto. Asiyeshauriwa na mkunga wake asizinywe.

Vifaa vya kujifungulia, khanga, nauli, mtu wa kubaki na watoto, na mtu wa kutoa damu ikihitajika, viwe tayari wiki 36, si wiki 40. Anayeishi mbali na hospitali, au ng'ambo ya mto unaofurika, aende kwa ndugu wa mjini au kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua, ambayo sehemu za bara huitwa chigonela, wiki mbili au tatu kabla ya tarehe. Aliyeajiriwa Tanzania akumbuke kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka atoe taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kutarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari, na inamruhusu kuanza likizo wiki 4 kabla ya tarehe hiyo. Likizo yenyewe ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anayekata tiketi ya ndege aulize mapema: mashirika mengi hayamchukui mjamzito aliyefika wiki 36.

Yapo mambo ambayo hayangoji tarehe yoyote. Damu kutoka, chupa kupasuka, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, degedege, homa, au mtoto kupunguza kucheza: ukiona mojawapo, uwe wiki 25 au 39, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kuanzia mwezi huu, kila unapoanza hedhi iandike siku hiyo kwenye simu au kalenda ya ukutani, hata kama huna mpango wa mtoto. Ukiruka siku zako, pima, na uanze kliniki kabla ya wiki 12. Nenda na tarehe yako kichwani, urefu wa mzunguko wako, na jina la njia ya uzazi wa mpango uliyokuwa ukitumia. Ukipewa kadi, au kijitabu cha mama na mtoto ukiwa Kenya, soma mwenyewe kilichoandikwa kwenye tarehe ya hedhi kabla hujatoka chumbani, na kama si sahihi, mwombe nesi airekebishe hapo hapo.